Karuho

Tumbo la baba lilipojaa kama kiriba
na macho yake yakaiva kama ndizi,
Kadutu nzima ilijua jina la ugonjwa: karuho.
Walijua hata mkono uliomtilia sumu:
M'Kahasha, jirani, muuza kasiksi,
aliyempa kikombe Jumamosi ile.
Hatukumpiga. Tulimfukuza tu,
na godoro lake, na mitungi, mvua ikinyesha,
mama mbele na ufagio.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilirusha jiwe.

Mengine yote ni kazi.
Miaka thelathini na minne ya mirija ya damu,
umeme ukikatika nakimbia usiku
kuomba barafu kwa wauza sambaza
ili kirusi kisiharibike kabla sijakihesabu.
Sokoni niliuliza mahindi haya yameota ukungu tangu lini;
wakadhani nimetumwa na watu wa ushuru.
Nimegusa maini elfu chini ya mbavu za kuume,
magumu, yenye vinundu kama njia ya Nyangezi,
na wenye nayo wakiniuliza swali moja:
"Dokta, nani amenilisha?"

Hakuna nani, nikajibu.
Ni damu ya mama siku ya kuzaliwa,
ni wembe wa kinyozi, ni sindano iliyochemshwa nusu.
Wengi walinishukuru, wakaenda kutapishwa.
Jina la adui ni tamu kuliko jina la kirusi.
Watu wa pwani, nilisoma shuleni,
humwita mpenzi nyongo mkalia ini.
Labda hawajaona nyongo iliyozibiwa njia.

Damu ya kwanza niliyopima ilikuwa yangu.
Mstari wa pili ulijitokeza taratibu,
kama mtu anayebisha hodi na ufunguo anao.
Kisha dada Nsimire. Kisha Cirhuza, kitindamimba,
tuliyemzika kabla hajafika arobaini.
Kisha mama, ambaye hakuugua hata siku moja.
Majibu yake sikumsomea.
Niliyakunja mara nne, nikayaweka
mahali ambapo bado yapo.

Mwaka huu nimestaafu. Wamenipa saa ya ukutani.
Nikapanda pikipiki hadi Walungu.
Alikuwa hai, jicho moja limefunga utando,
akimenya mihogo mlangoni.
Nikamweleza yote: kirusi, ini, saratani,
na nani alikuwa na nini nyumbani kwetu.
Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho,
kisu hakikusimama.
"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema.
"Wewe ndiye ulihitaji kusoma."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe.
Mimi, ninayewakataza wote,
mimi mwenye ini hili,
nilikipokea kwa mikono miwili.
Kilikuwa cha plastiki, cha kijani, kimepasuka ukingo.
Nikanywa.