Kiti cha Kushoto

Shaame kaja saa mbili asubuhi,
kaliegesha gari mbele ya banda langu, Machomanne,
kaacha injini inanguruma.
"Sikiliza, Mize," kanambia.
Nikasikiliza. Sikusikia kitu.
"Basi ndo hapo. Zamani lilikuwa likilia."

Kwenye dashibodi pana utepe mweusi,
kaubandika fundi wa Wete kwa elfu kumi na tano.
Nikaubandua kwa ukucha:
chini yake kijitu chekundu kimeketi,
kimekumbatia mpira wake, kinawaka,
kinawaka tangu Ramadhani
gizani, bila wa kukitazama.

Gari la Kijapani. Bado lasalimu Kijapani
kila ukiwasha, na Shaame huliitikia "marahaba."

Nikachomeka mashine, ikanipa namba.
Namba si ugonjwa, ndivyo tulivyofunzwa chuoni Vitongoji.
Namba ni jirani apitaye mbio
akakwambia nyumba ile kuna kilio;
hakwambii aliyekufa nani.

Nikachomoa waya wa betri, nikakaa kitako.
"Mbona hufanyi kazi?"
"Nangoja."
Mfuko wa hewa una baruti yake,
na umeme hubaki humo hata ukishaukata,
kama hasira za mkwe.
Tukanywa chai kwa mkate wa kumimina, dakika kumi.

Kisha nikaingiza kichwa chini ya kiti:
sarafu ya mia mbili, kibanio cha nywele,
risiti ya shirika, maandishi yameshafutika,
na karafuu. Kwenye reli, kwenye zulia,
karafuu kavu, nyingine zimekatika vichwa.
Plagi ya manjano imeota kutu ya kijani.
Nikaisugua kwa mswaki na spiriti, nikafurahi mapema.
Nikarudisha betri. Kijitu kikawaka.

Ikabidi niupime mkeka wenyewe,
ule mwembamba uliofichwa chini ya sponji,
ujuao kiti kina mtu ama hakina.
Kiti kitupu: mita kimya.
Nikamkalisha Faki, mwanafunzi wangu, kilo sitini na mbili,
mkate ungali mdomoni: kimya.
Rukaruka, Faki. Karuka, kagonga kichwa darini.
Kimya.

"Hapa huketi nani?"
Shaame kaangalia barabara.
"Gunia."
"Gunia la nini?"
"Karafuu. Nyuma hupenya mvua, yakhe,
na karafuu ikishapata maji..." Hakumaliza.
"Gari likalia lataka mkanda, nikalifunga mkanda gunia."

Misimu mitatu.
Kilo hamsini, mkanda kifuani kama bibi harusi,
kutoka Mtambile mpaka Chake,
na gari likiandika: mtu.

"Na Salha?"
"Salha nyuma, na pishi zake."
Kanyamaza. Kachezea ufunguo.
"Sasa kapata kazi hospitali. Juzi kapanda mbele,
nguo nyeupe, kitambulisho shingoni.
Gari halikusema kitu.
Mize, mwanangu hana uzito?"

Nikauinua mkeka juani, nikamwonesha:
ufa, mwembamba kama unywele wa kitanga,
pale pale gunia lilipokuwa likikalia.

Mkeka mwengine ukaja na meli ya Jumamosi,
umetolewa kwenye gari lililogongwa Fuoni.
Sikumwambia. Wala mimi sikuuliza
nani alikuwa amekaa.

Jumatatu, kabla jua halijachomoza vizuri,
Salha kaingia, kaketi.
Gari likalia: ti, ti, ti.
Shaame kacheka peke yake, na mkono wake wa kushoto,
kwa mazoea, ukavuka kwenda kuuvuta mkanda.
"Baba," Salha kasema, "mimi nina mikono."

Kijitu kikangoja kidogo, kikazima.
Kanilipa nusu.
Nusu nyengine, kasema, karafuu zikianikwa.