Mluzi wa Bomba la Tatu

Ukumbini, pale Keighley,
kiwanda kimetundika cheti chenye jani la dhahabu.
Chini yake umesimama mgomba wa plastiki
ambao naupangusa kila Jumatatu, jani kwa jani,
kama naogesha mtoto wa watu.
Cheti kimeandikwa: Uendelevu Ni Sisi.
Sisi. Nalipenda neno hilo.
Nalifuta kwa kitambaa kikavu, lisichubuke.

Usiku, mashine za maboksi zikishazimwa,
bomba la tatu nyuma ya ghala
hupiga mluzi.
Ssss, kama mtu anayemwita mwenziwe
bila kutaka wengine wasikie.
Ni hewa. Hewa iliyoshindiliwa kwa umeme,
inavuja toka saa nne hadi alfajiri,
na kompresa inajaza, inajaza tena,
inateka maji kwa pakacha.

Mwaka wa kwanza nilimwambia Bwana Thwaite.
Alikuwa anatafuta funguo za gari.
Akasema, Sihaba, kazi yako ni sakafu.
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama anayenionyesha choo kilipo.

Zbyszek wa forklifti alicheka.
Yeye aliripoti kabla yangu, kwa fomu,
na fomu ikamrudia na swali:
kwa nini hukuwa kwenye kituo chako cha kazi?
Tangu siku hiyo, alisema,
masikio yake ameyapa likizo.

Kwetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ni nani mwenye ruhusa ya kuuona ufa.

Tukaletewa mapipa: la buluu, la kijani, jeusi.
Tukafundwa kwa picha, nusu saa, na biskuti.
Saa tano usiku mimi ndiye niliyeyamwaga yote
ndani ya kontena moja uani, mvuani,
maana kontena lilikuwa moja.
Lakini niliyamwaga kwa zamu: buluu, kijani, jeusi.
Adabu ni adabu.

Thwaite alipostaafu, zamu akapewa Noreen Ackroyd,
mtu wa gundi, miaka kumi na tisa kwenye gundi.
Akahamishia kikao jikoni, akachemsha chai mwenyewe,
akauliza: usiku mnasikia nini nisichokisikia mimi?

Tukatazama vikombe.
Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Walioumwa na nyoka,
hata ung'ongo tuliutazama mara mbili.

Wiki ya nne hakuuliza.
Alichukua kalamu, akaandika ubaoni:
Jumapili niliacha kikaushio kikiwaka kutwa.
Pauni mia nne na kumi. Noreen.
Akaketi. Akachovya biskuti, ikamkatikia kikombeni,
akaitafuta kwa kijiko muda mrefu mno.

Zbyszek akakohoa.
Bomba la tatu, akasema.

Tukaenda wote, watu saba, na tochi.
Aliyekuwa na ndoo ni mimi. Aliyekuwa na sabuni ni mimi.
Nikapaka maungio kwa brashi yangu ya vigae,
na povu likavimba pale pale,
shavu la mpiga zumari.
Kulikuwa na mpira mmoja uliochakaa,
duara dogo, ungelivaa kama pete.
Dakika kumi na mbili.

Sisemi kwamba dunia imepona.
Kontena uani bado ni moja;
nimeliandika ubaoni, na jina langu pembeni,
mkono ukitetemeka kidogo kwenye herufi ya S.

Lakini usiku ule, bomba lilipofungwa,
ghala lilinyamaza kimya nisichowahi kukijua.
Tulisimama hapo bila kujua tuseme nini.
Noreen akafuta miwani.
Ndipo Zbyszek akainua kidole.
Kuna mwingine. Mwembamba, wa mbali, upande wa gundi.
Siku zote ulikuwepo, chini ya ule mkubwa.

Nikachukua ndoo.