Hii Inangojea Ile

Kadutu, saa tano usiku. Mvua imepumzika,
umeme umerudi bila hodi,
na kompyuta ya Cikuru, yenye kibonye kimoja kilichong'oka,
inajenga programu ya kifaa kidogo kuliko kiberiti
kitakachofungwa kwenye ukuta wa mawe kule bondeni
kisikilize udongo unavyojongea.

Faili mia mbili na kumi na moja,
na kila moja ina inayoingojea:
ya unyevu yaingojea ya saa,
ya saa yaingojea ya chipu,
ya chipu yaingojea orodha ya pini
ambayo haiandikwi na mtu; huandikwa na programu nyingine,
usiku huu huu, kabla wenzake hawajaamka.
Kama bugali: maji kwanza yachemke.
Atakayemwaga unga mapema atakunywa uji.

Mwaka mzima ilikwenda.
Kompyuta ya zamani ilikuwa na mfanyakazi mmoja,
akizichukua kazi kwa zamu, polepole, kama foleni ya bombani,
na kwa bahati tu orodha ilikuwa tayari alipoitaka.
Jumatatu Cikuru akaniletea hii yenye wafanyakazi wanane.
Wakazikimbilia faili zote kwa pamoja,
mmoja akanyoosha mkono kuchukua orodha
akashika hewa.

Kosa.
Nikarudia: ikapita.
Nikarudia: kosa.
Cikuru akasema ni joto. Akasema ni kumbukumbu.
Akaipuliza vumbi, akaenda kulala.

Usiku wa tatu nikatoka nje kunyoosha mgongo.
Huku kwetu nyumba hupanda mlima kwa mabega ya nyumba:
sakafu ya Mama Nabintu imekaa juu ya ukuta wa Bashige,
ukuta wa Bashige juu ya kibaraza cha fundi viatu,
na hakuna hati hata moja inayosema nani kambeba nani.
Mwaka juzi fundi viatu alichimba choo.
Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani?
Nyufa zilipanda nyumba tatu kabla hakujapambazuka.

Nikarudi ndani, nikasoma upya mstari kwa mstari
nikimtafuta anayebebwa na hasemi.
Nikampata: faili ya unyevu, mistari arobaini, ya adabu kabisa,
inaitumia orodha kila siku, haijawahi kuitaja.

Nyuma ya pazia dada Nsimire anapanga sambaza kwenye beseni,
za soko la alfajiri. Anahesabu kwa midomo.
Kwa hesabu alinizidi daima.
Mwaka ule karo ilipotosha mtoto mmoja
alisema amechoka na shule, kichwa kinamuuma.
Nikaamini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Niliingia darasani nikakuta kila kitu tayari,
nikadhani ndivyo dunia inavyofunguka.

Naandika mstari mmoja: hii inangojea ile.
Nafuta vyote vilivyojengwa, naanza sifuri,
wafanyakazi wanane. Inapita.
Tena. Inapita. Mara ishirini, mpaka chai imepoa.

"Imekwisha?" anauliza.

Juu kabisa ya faili ya kwanza kuna mahali
pa majina ya walioifanya kazi hii.
Langu lipo. La Cikuru lipo.

"Bado," namwambia. "Jina lako la pili,
shuleni ulikuwa unaliandikaje?"

Beseni linanyamaza.