Msumari wa Norval

Februari, Minnesota. Theluji imepanda hadi dirisha la gereji.
Nimewasha hita, nimevaa koti lake lililotoboka kiwiko,
na trekta dogo la bustani limelala mbele yangu
matumbo nje, kama kuku siku ya karamu.

Kabureta nimeiloweka tangu juzi.
Panya walizalia chini ya kiti, wakatandika
pakiti za mbegu za maharage za mwaka themanini na tatu.
Mkanda umekauka. Plagi nyeusi ti.

Kisha, kwenye fimbo ya klachi, badala ya pini:
msumari wa ua, uliokunjwa kwa koleo.
Norval! Miaka arobaini ukiniapia
kwamba pini umeagiza Duluth, iko njiani.

Pini ni senti sitini. Ninayo, mpya, inang'aa.
Nimeipachika. Msumari nimeutupa kwenye debe la vyuma.

Nikavuta kamba. Mara tatu, kimya.
Ya nne likakohoa, likapiga chafya ya moshi wa samawati,
likanguruma hadi mbwa wa kina Haugen akajibu.

Nimelizima, nimenawa grisi, nimelala.
Usiku wa manane, soksi miguuni, tochi mkononi,
nimerudi kwenye debe.