Vidole Vitatu

Kwa mwaka mzima walinipigia taa usoni:
malori ya alizeti kutoka Singida,
basi lililochelewa, bodaboda mwenye mkaa,
wote wakinilaumu kwamba nimewasha fulu.
Sikuwasha. Gari lilikuwa limeketi kitako,
pua juu, kama mbwa anayesubiri mfupa,
na taa zangu zilimulika popo.

Prado ya mwaka tisini na saba,
kijani kilichopauka kwa jua la Dodoma
mpaka bonati ikaota ukurutu.
Aliniuzia bwana shamba mstaafu wa Mpwapwa,
akaapa kwamba nyuma ni zima.
Kwake, labda.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikaanza na dawa rahisi.
Kizota, kijana mmoja alikata tairi kuukuu vipande,
akavichomeka kwenye springi kwa nyundo.
Gari likasimama siku nne.
Siku ya tano, kwenye matuta ya Nzuguni,
raba zilichomoka mojamoja
zikabingirika vumbini kama viatu vya watoto,
nikasikia chuma kikigonga chuma
ndani ya meno yangu.

Ndipo nikaenda kwa Chibago, Chang'ombe,
gereji isiyo na kibao.
"Mbukwenyi," akasema, bila kutoa mikono kwenye grisi.
Hakufungua bonati. Hakuuliza nililinunua bei gani.
Alichuchumaa pale gari lilipochuchumaa,
akapima kwa mkono, kati ya tairi na madigadi:
kulia, kiganja kizima.
Kushoto, vidole vitatu.

"Kushoto mlikuwa mnapakia nini?"

Maji.
Madumu nane, kila Jumamosi,
kutoka bomba la Ipagala mpaka Handali,
kwa mama, ambaye hakuamini tenki wala jirani.
Kulia nilitandika godoro,
ajilaze siku za kliniki.
Hayo yote sikuyasema. Nilisema: maji.
Akaitikia kwa kichwa,
kama daktari aliyetajiwa pombe.

Springi mpya zilikuja na basi la usiku kutoka Dar
ndani ya gunia la sukari,
moja ina alama nyeupe, nyingine njano.
"Hizi si pacha," Chibago alionya. "Kila moja ina upande wake."
Akapiga jeki, akaegemeza chesisi kwenye stendi.
Bolti ya shokapu ilikataa.
Akaimwagia dizeli, akanywa chai, akarudi,
akaitukana kwa Kigogo, ikalegea.
Akashusha ekseli polepole,
jicho kwenye paipu ya breki isivutike,
na springi kuukuu ikatoka yenyewe,
kama jino la utotoni.

Alizisimamisha pamoja mchangani.
Ya zamani ilikuwa fupi kwa ngumi nzima.
Akaigonga kwa spana; ikatoa mlio mkavu.
"Haijavunjika," akasema. "Imechoka tu."

Jeki iliposhuka gari halikushuka nayo.
Lilibaki limeinua makalio
kama mbuzi aliyepiga magoti kunywa.
"Limepitiliza," nikamwambia.
"Litakaa. Lipe mzigo, lipe wiki tatu."

Mzigo gani?
Tangu Machi sina Jumamosi.

Nilirudi usiku. Lori likaja, likanikaribia,
likapita bila kunipigia taa.
Mwanga wangu ulikuwa chini, kwenye lami,
ukihesabu viraka,
na nyuma, upande wa kushoto,
dumu moja ambalo sijawahi kulishusha
lilirukaruka kila tuta,
tupu, jepesi,
likigonga mlango.