Jaribio la Tatu

Mvua ya mawe ilikuja saa tisa alasiri,
siku ya gulio, tukiwa Matamba tunauza.
Tuliporudi shamba lilikuwa limelala chali,
majani ya viazi yamechanika
kama daftari la mtoto mtundu,
na mawe yenyewe bado yamekaa juu ya matuta,
hayana haraka, kama wageni waliokwisha kula.

Lutengano hakusema kitu.
Aliingia shambani na viatu vyake vya gulio,
akahesabu matuta moja moja hadi kule mtoni,
akarudi akihesabu tena.

Wiki ya tatu akaja bwana shamba na mthamini wa wilaya,
fomu zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.
"Eka ngapi, mzee?"
"Matuta mia saba na kumi na tisa."
"Fomu haina matuta."
Wakaandika robo tatu eka.
Wakaandika Lutengano Tweve, wakaandika namba ya simu,
wakasema kaeni mkao wa kupokea.

Tukakaa.
Tukakaa Machi, tukakaa Juni na jalidi yake
inayogandisha maji ya kuku.
Julai kifua kilimbana.
Agosti tulichimba tena udongo uleule,
safari hii hatukupanda viazi.

Kila mwezi niliweka vocha ya mia tano
kwenye kitochi chake, laini isije ikafungwa.
Wakacheka: unaweka salio la kumpigia nani?
Nilikuwa naisubiri serikali.
Na usiku mmoja, sitaficha, nilimpigia kwa simu yangu,
nikaisikia yake inalia sandukuni
mpaka ikakata.

Novemba ililia ndani ya kapu la mbegu.
Ndugu LUTENGANO TWEVE,
umepokea shilingi elfu themanini na nne.
Kifuta machozi, ndivyo wanavyoiita.
Machozi ya viazi, nadhani.
Yale mengine hayana fomu.

"Namba ya siri, mama?" akauliza Ezekia wa kibandani.
Nikabonyeza mwaka aliozaliwa. Siyo.
Nikabonyeza mwaka tuliofunga ndoa, Bulongwa. Siyo.
(Hiyo iliniuma kidogo.)
Ezekia akafunika simu kwa kiganja:
"Usiguse. Ukikosea ya tatu inafunga."

Basi niende Iwawa: barua ya mtendaji, cheti cha kifo,
muhtasari wa kikao cha ukoo, kiapo cha mahakama, picha mbili.
Nikapiga hesabu ya nauli, mihuri, mahali pa kulala,
na kurudi mara ya pili kwa kuwa mhusika ametoka kidogo.
Ilibaki elfu tisa.
Ya kufuta jicho moja.

Mbegu nilikopa kwa mke wa Chaula,
madebe manne, nitarudisha sita.
Leo napalilia. Wingu limekaa juu ya Kitulo,
rangi ya sufuria kuukuu,
na mdomo wangu, sijui umeanza saa ngapi,
unahesabu matuta kama yeye:
mia saba na kumi na saba,
na kumi na nane,
na

nikasimama, jembe hewani.

Namba ya siri ina tarakimu nne.
Ninazo tatu.
Sifuri uliiweka wapi, Lutengano,
mwanzoni
au mwishoni?