Namba Nne

Walituita ukumbi wa komine, Kadutu,
viti kumi na viwili, watu sitini,
na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka,
nikapewa chaki.

Pesa ni ya kazi moja, alisema injenia Mushagalusa,
moja na nusu tukibana saruji.
Basi wakaanza kutaja: taa za barabara,
soko lipauliwe upya, bomba la Cimpunda,
daraja la miti kule Funu, linaloaminiwa na mbuzi tu.

Mama Ntakwinja hakutaja kitu.
Alifungua kitenge, akaweka mezani jiwe
lenye masizi upande mmoja.
"Lilishuka na mvua ya Aprili. Likakuta sufuria motoni."
Akanyamaza.
Jiwe likakaa pale kama mjumbe
asiyehitaji barua ya kumtambulisha.

Nikafuta. Nikaandika juu kabisa: mfereji wa korongo.
Hakuna aliyebisha, hata mwenye duka
aliyezililia taa.

Maji yakashuka hadi namba nne.
Mkono ulioyashusha ni huu.

Saa tisa usiku Cibalonza alikuwa akipapasa kandambili gizani,
bidoni mbili za njano, foleni kule chini bombani.
"Mkutano uliamua nini?"
Nikamweleza korongo, jiwe, masizi.
"Mmefanya vema," akasema, akijifunga kitambaa.
Kisha, mlangoni:
"Na namba nne ni mwaka gani?"

Nilichukua bidoni moja.
Chaki ilikuwa bado kwenye kucha.